Kuku Aliyefugishwa Mkiwa

Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango na kutazama watu wakipendana. Wasipopendana, niliandika. Fomu yetu ya ustawi wa jamii ilikuwa na visanduku: mzazi alifika kwa wakati, mtoto alimkaribia kwa hiari, mzazi alileta zawadi. Hicho cha mwisho ndicho kilichoniponza.

Mtoto alikuwa binti wa miaka sita. Mama yake, mkazi wa Mtinko, alikwenda Manyoni kutafuta kibarua akamwacha kwa jirani. Jirani akapata msiba kwao akaondoka, na mtoto akakaa peke yake siku tatu akila unga mbichi. Hakimu akaagiza alelewe kwa miezi sita na bibi mmoja mjane wa Mkiwa. Mama angemtembelea kila baada ya wiki mbili, mimi nikiwepo, na mwishoni ripoti yangu ingesema kama anafaa kurudishiwa mwanawe.

Siku ya kwanza mama alifika na kuku jike mwekundu, miguu imefungwa kamba. Mtoto alimwamkia shikamoo kama anavyomwamkia mgeni yeyote, akajificha nyuma ya gauni la bibi. Mama akaitikia marahaba. Halafu akamkabidhi bibi yule kuku, wakasemezana kidogo kwa Kinyaturu, lugha nisiyoijua, wakakaa. Saa nzima wote watatu walimtazama kuku. Mimi niliwatazama wao.

Nimezaliwa na kukulia mjini, mbali na Singida, na kuku nilimzoea akiwa kwenye sahani. Nikaandika: mzazi alimpa mlezi kuku, inaonekana kwa nia ya kumlainisha. Niliipenda sana sentensi hiyo.

Ziara ya pili mama hakuuliza mtoto anakula nini wala analalaje. Aliuliza habari za kuku. Mtoto, ambaye hadi hapo alikuwa amesema shikamoo tu, akajibu kwa kirefu: anataga nyuma ya pipa, anamwogopa jogoo wa jirani, akishikwa anatoa choo. Ziara ya tatu walikwenda wawili kuangalia mayai, nami nikawafuata bandani na fomu yangu, maana utaratibu ulitaka nisiwapoteze machoni. Ziara ya sita kulikuwa na vifaranga, na mtoto amekaa mapajani mwa mama akimwonyesha yupi mkorofi. Niliandika kwamba mazungumzo yanamhusu kuku kuliko mtoto. Nilikuwa mjinga mwenye mwandiko mzuri.

Miezi sita ilipokaribia kwisha nilipeleka ripoti mahakamani, kisha nikaenda Mkiwa kumsomea bibi nakala yake, kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka. Nilipofika kwenye kulainishwa akanisimamisha.

"Mwanangu, nani kalainishwa?"

"Wewe, bibi. Kwa kuku."

"Kuku si wangu. Kanifugisha."

Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. Mtu akikufugisha mnyama, mnyama anabaki wake. Wewe unamtunza, wanawe wakizaliwa unapata mmoja kwa taabu yako, na mwenyewe ana haki ya kuja kwako kumwangalia, hadi siku atakapomchukua.

"Siku ile ya kwanza mtoto alikuwa anamkimbia mama yake," bibi akasema. "Sasa angekuja kumwangalia nani? Akaja kumwangalia kuku. Angekuwa hana nia ya kurudi, angemuuza mnadani. Wewe hukuliona hilo?"

Sikuliona. Niliona aibu. Yule mama alikuwa karibu kumkosa mwanawe kwa sentensi yangu niliyoipenda.

Nikaenda kwa karani wa mahakama kuomba nirekebishe ripoti. Akasema iliyoingia haitoki, nikamweleze hakimu mwenyewe. Siku ya shauri nikasimama, mama yule akiwa benchi la mbele ameshikilia magoti yake, nikasema nilikosea kuhusu kuku. Hakimu, mtu wa Ikungi, hukohuko Singida, akanitazama juu ya miwani.

"Afisa, ulidhani ni hongo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Huyo kuku alikuwa anataga kwa nani?"

"Kwa bibi, mheshimiwa. Lakini ni wa mama."

"Sasa umeelewa," akasema, akaandika muda mrefu. Mama akarudishiwa mtoto wake. Hakulia. Alinishukuru, jambo ambalo lilinikera kuliko kama angenitukana.

Siku ya makabidhiano bibi alitoa tenga lenye yule kuku mwekundu na wanawe, ambao sasa walikuwa wameota manyoya kamili. Mama akamwambia achague wake. Akachagua jogoo mdogo, kwa adabu, asiyependeza kuliko wote. Tukaanza kuagana.

Mtoto akaingiza mkono kwenye tenga, akamtoa mtetea mweusi, yule mkorofi, akampa bibi kwa mikono miwili.

"Bibi, huyu nakufugisha," akasema. "Nitakuja kumwangalia."

Bibi akampokea, akaingia naye ndani, akakawia kutoka. Mama hakumharakisha mtu. Mimi nilikuwa na fomu ya kufunga jalada, na chini kabisa kulikuwa na kisanduku kama kile cha mwanzo: zawadi iliyotolewa siku ya makabidhiano, ndiyo au hapana.

Nikaandika hapana.