Mama Mkwe Aliyeupa Uwanja Mgongo

Anayetaka kufuata mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vyetu asianze na kanuni za mchezo. Aanze kwa kuuliza nani ni mkwe wa nani. Kanuni za mchezo atazijua pale pale uwanjani, maana kila mtu atakuwa anamfundisha kwa kelele. Habari za wakwe hakuna atakayemwambia mpaka mambo yameshaharibika.

Nasema hivyo kwa sababu miaka ya hamsini niliyafuata mashindano hayo kwa miguu yangu mwenyewe. Yalichezwa mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, wakati wa vumbi. Mapadri ndio waliouleta mchezo, na vyuo vya ualimu vilipokezana kuuandaa, mwaka huu kwetu Tarime, mwaka mwingine upande wa Serengeti. Wanaume wengi waliudharau. Mpira wa kushika kwa mikono, walisema, ni mchezo wa watoto. Mimi niliupenda tangu siku ya kwanza nilipomwona mdogo wangu wa kiume akiruka. Nilikuwa nimeshaolewa, na mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Nikimwambia naenda kwenye mpira alitikisa kichwa tu, sikujua kama anakubali au ameshakata tamaa na mimi. Sikumwuliza.

Kwa miaka hiyo nilijifunza mengi, na sioni sababu ya kuyaficha. Ufike mapema, wakati wanafunzi bado wanamwaga maji uwanjani kulaza vumbi na kuchora mistari kwa majivu. Ukae upande wa juu wa mteremko, jua likiwa mgongoni. Ubebe viazi vya kuchemsha, kwa sababu wenye mahindi ya kuchoma watakuuzia yaliyoungua wakijua macho yako yako uwanjani. Usikae karibu na mpiga litungu, kinubi chetu cha nyuzi, maana wenye kucheza ngoma watakukanyaga. Na zaidi ya yote, usiutazame mpira. Mpira utakudanganya. Tazama magoti. Mchezaji anayetaka kuruka hukunja goti kwanza, na ukiliona goti umeshajua kinachokuja kabla ya adui yake.

Hayo ya magoti nilimfundisha kila aliyekaa karibu nami, isipokuwa mama mmoja.

Mwaka huo mdogo wangu alikuwa amechumba msichana wa kijiji cha Nyamwaga. Ng'ombe walioletwa nyumbani kwa ajili yangu nilipoolewa ndio hao hao waliopelekwa kwa wazazi wa msichana, kwa hiyo uchumba ule niliuona kama wangu. Walikuwa wameshaingia zizini kule, kilichobaki ni siku ya kumleta bibi harusi. Tangu ng'ombe walipoingia, mama wa msichana tulimwita mama mkwe, na kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawafanyi mzaha. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Hawapeani kitu mkono kwa mkono, kinawekwa chini au anapewa mtu wa tatu. Na mkwe hamwoni mkwe akiwa nusu uchi. Likitokea hilo kabla ya harusi, wazee wa upande wa msichana wana haki ya kukataa, na hakuna wa kuwalaumu.

Sasa fikiria nguo za mpira wa kikapu. Kaptura fupi juu ya goti, na fulana isiyo na mikono.

Baba yetu aliliona hilo kabla yetu. Siku moja kabla ya fainali alimwita mdogo wangu mbele yangu. "Mura, kijana wangu," alisema, "cheza mpira wako. Lakini ukituaibisha mbele ya wakwe, ujue ng'ombe wa dada yako umewatupa. Harusi hakuna, na chuo nacho basi. Utarudi kuchunga."

Mdogo wangu aliitikia, "Ndiyo, tata," yaani baba, na hakuwa na wasiwasi, kwa sababu hakuna aliyetegemea kwamba mama wa Nyamwaga angekuja kutazama mpira. Wasiwasi wake ulikuwa goti la kushoto. Alikuwa ameliumiza kwenye mazoezi, limevimba, na alilifunga kitambaa chekundu. Mama yetu alinionya nisilitaje goti hilo popote. Habari zikifika Nyamwaga kwamba bwana harusi anachechemea, maneno yataanza. Nikafunga mdomo, na kwangu mimi hiyo ni kazi.

Tulikuwa tumesahau jambo moja. Yule mama alikuwa na mtoto wa kiume, kaka wa bibi harusi, naye alisoma chuo cha upande wa Serengeti. Chuo hicho ndicho kilichofika fainali na chuo chetu.

Nilimwona yule mama wakati wachezaji wakipasha miguu moto. Alikuwa anakuja kutoka barabarani, mwanamke mrefu mwenye shuka jeusi, kibuyu mkononi, vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametoka Nyamwaga kwa miguu. Nilipogeuka kumtafuta mdogo wangu, nilimwona naye ameshamwona. Aliuacha mpira ukidunda peke yake, akakimbia nyuma ya darasa.

Padri aliyekuwa mwamuzi akapiga filimbi. Wachezaji wa chuo chetu wakatazamana. Padri akapiga tena na kuonyesha saa yake ya mkononi, kwa maana kwamba wasipotimia watapoteza mchezo. Mimi nilikimbia kumfuata mdogo wangu nikamkuta amejikunyata chini ya dirisha, amejifunika kichwa kwa fulana ya mwenzake.

"Siwezi kutoka, dada," alisema.

"Chuo kizima kinakusubiri."

"Basi mwambie yeye arudi."

Nikamwambia asiwe mpumbavu, mtu hawezi kumfukuza mama kwenye mchezo wa mwanawe. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na mapadri kwa kaptura zao, na baba kwa ukali wake, na yule mama kwa miguu yake mirefu. Nikaenda kwake moja kwa moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye dada yake."

"Ndiyo. Mama, mkwe wako naye anacheza."

Nilidhani atageuza njia na kurudi, na nakiri hilo ndilo nililoliomba. Badala yake akatazama kando ya uwanja, pale ghala la chuo lilipokuwa, ukuta wake hatua chache tu kutoka kwenye mstari wa majivu.

"Sikutembea tangu jogoo la kwanza ili nirudi," alisema. "Nitakaa pale, uso ukutani. Wewe utakaa karibu nami, na utanisemea."

Hivyo ndivyo fainali ile ilivyochezwa. Mama mkwe aliketi chini, shuka kichwani, mgongo kwa uwanja, pua yake karibu iguse ukuta. Mimi nilikaa ubavuni mwake nikitazama upande wa pili. Baba alikuwa ng'ambo ya uwanja, amesimama na fimbo yake, hatazami mchezo hata kidogo. Alikuwa anatutazama sisi. Mdogo wangu alitoka nyuma ya darasa akiwa amekunja mabega, na muda wote wa kipindi cha kwanza alicheza upande wa mbali tu, kama ng'ombe anayeogopa josho.

Kumsemea mtu mchezo asiouona ni kazi ngumu kuliko kulima. "Wamechukua wetu. Amempa mwenzake. Amekosa. Mwanao ameuokota." Kila nilipovuta pumzi alinivuta kanga. "Sema. Mbona umenyamaza? Mwanangu yuko wapi?" Nikimwambia mwanawe amefunga, aligonga ukuta kwa ngumi mara moja na kutulia. Nikimwambia mkwe wake amefunga, hakusema kitu, lakini aliuliza, "Vipi? Kwa mkono gani?" Nikamweleza mkono. Miguu niliiruka. Goti lile lilikuwa linavuja jasho na damu kidogo chini ya kitambaa, na kila alipotua chini nilihisi maumivu mimi.

Kipindi cha pili kikaenda hivyo hivyo, huyu akifunga na yule akifunga, mpaka sauti yangu ikakauka. Mwishoni kabisa, chuo cha mwanawe kilikuwa kinaongoza kwa pointi moja. Padri alikuwa ameshaanza kuitazama saa. Kwetu saa ya padri haikusimama mpira ulipotoka nje. Ilikwenda tu, uwahi usiwahi.

Ndipo mmoja wa wapinzani alipoupiga mpira kwa kiganja, ukatoka nje ya mstari, ukadunda, ukagonga ukuta wa ghala na kumwangukia mama mkwe mapajani.

Mpira ulikuwa wetu kurusha. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa karibu, na alikuwa ameshaukimbilia kabla hajafikiri. Aliusimamisha mwili wake ghafla hatua chache nyuma yetu, akageuza uso upande, mikono imeziba mapaja yake. Hakuweza kusogea mbele. Wenzake walikuwa mbali chini ya ringi wakimwita. Ng'ambo, baba alikuwa ameinua fimbo kifuani.

Mama mkwe alikuwa ameukumbatia mpira. Uso wake ulikuwa bado ukutani.

"Nani yuko nyuma yangu?" aliuliza.

"Ni yeye."

"Nani anaongoza?"

Nilitamani kunyamaza. "Mwanao. Kwa pointi moja."

"Na saa?"

"Inakwisha, mama. Imebaki kidogo sana."

Angeweza kukaa tu. Hilo ndilo lililonitia jasho. Hakuhitaji kufanya lolote baya. Angekaa pale na mpira wake mapajani, mwanamke anayelinda heshima ya wakwe, na mwanawe angebeba kombe, na hakuna mzee kutoka Sirari hadi Mugumu ambaye angemwambia neno. Kisha akauweka mpira chini, upande wangu, na kuusukuma kwa kiwiko.

"Mpe ndugu yako," alisema. "Anachelewa."

Niliurusha bila kuangalia. Aliudaka, akamrushia mwenzake juu ya mstari, akaingia uwanjani akirudishiwa, na pale pale, mbali na ringi, niliona goti la kushoto linakunjika. Nilisema moyoni, si hilo, tumia lingine. Akaruka. Mpira ulipokuwa hewani, kila jicho lililokuwa pale lilikuwa kwenye ringi, la kwangu, la padri, hata la baba, kwa mara ya kwanza siku ile.

Ulizunguka juu ya chuma. Ukaingia. Filimbi ikalia.

Kelele zilizopigwa sikuwahi kuzisikia tena. Niliposhtuka, mama mkwe alikuwa anaivuta kanga yangu, uso wake ukutani kama nilivyomwacha.

"Sema basi. Imeingia?"

"Imeingia."

"Nani aliyefunga?"

"Yeye."

"Mwanangu atalia leo," alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni kweli. Kisha, akiutazama ukuta ule ule, akapiga kigelegele kimoja kirefu.

Baba alifika na wazee wawili wa Nyamwaga waliokuwa wameletwa na lori. Mdogo wangu alikuwa ameshatokomea. Baba alikuwa amekunja uso. Mmoja wa wale wazee akauliza kwa upole, lakini lilikuwa swali lenyewe, na sote tulijua kwamba harusi ilikuwa mikononi mwa jibu lake. "Mama, kijana alikufikia karibu sana. Umemwona?"

Mama mkwe alisimama polepole, akakung'uta shuka. Usoni alikuwa na vumbi jeupe la chokaa ya ukuta.

"Nimetoka Nyamwaga kwa miguu kuja kutazama mpira," alisema. "Nimetazama ghala. Muulizeni huyu."

Nikasema ndivyo. Kwa kadiri nilivyojua, ndivyo ilivyokuwa. Wale wazee walitazamana, na yule aliyeuliza akaanza kucheka, na baba akashusha fimbo.

Jioni nilimsindikiza mama mkwe mpaka kwenye lori la wazee. Mwanawe alikuwa amepanda nyuma, macho mekundu, hataki kusemeshwa. Mama mkwe alinikabidhi kibuyu nikishike wakati anapanda, akakaa kitako, akakipokea. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Akainama kwangu, karibu sana, asisikike na wengine.

"Mwambie mama yako amkande lile goti," alisema. "La kushoto. Maji ya moto na chumvi, kila siku mpaka harusi. Na akifika siku hiyo asivae kitambaa chekundu."

Lori likaondoka. Nilisimama barabarani nikiwa nimekunja mikono kifuani, nikikumbuka kwamba goti lile wala kitambaa chake sikumtajia hata mara moja. Mwezi uliofuata bibi harusi aliletwa nyumbani kwetu, na mdogo wangu alitembea sawasawa. Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaja kwenye kila mashindano yaliyochezwa Tarime, na kila mara aliketi uso ukutani na kuniambia nimsemee. Nilimsemea mchezo mzima bila kuruka kitu, na magoti pia.