Mtoto Mmoja, Mafaili Manne

Kompyuta ya hospitali ilisema nina watoto wanne.

Wote wa kike. Wote wanaitwa Violeth. Wote wamezaliwa siku moja.

Mimi nina mtoto mmoja.

"Dada, wewe ulizaa au ulifyatua matofali?" nesi Kuluthumu akaniuliza.

Foleni nzima ikacheka. Mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu. Ndiyo kazi ninayoiweza nikiulizwa swali mbele za watu. Shule yenyewe niliiachia darasa la tano, na nusu ya sababu ni kwamba niliogopa kusimama nijibu.

Ila siku hiyo vidole visingenisaidia. Violeth wangu, miaka mitatu, alikuwa chumba cha pili amewekewa hewa, anavuta pumzi kwa shida. Dokta alitaka kumchoma sindano haraka.

Nilikuwa nimemwambia dokta, kwa sauti ya mbu, "Kuna sindano ilimkataa. Chamwino, mwaka juzi. Alivimba mpaka macho yakafunga."

"Sindano gani?"

"Ile... nyeupe."

"Mama, nyeupe ziko nyingi."

Kadi ya kliniki ilishaloa na mvua, ikawa uji. Ndipo akanituma kwa Kuluthumu. Yeye akasema nisihofu, siku hizi mifumo inasomana. Alichoandika mtu wa Chamwino, yeye hapa Dodoma mjini anakiona.

"Kwa namba yako ya simu naona Violeth Ernest wanne. Jina la tatu limefichwa, ni siri ya mgonjwa. Litaje wewe, faili lifunguke."

Jina la tatu. Jamani.

Jina la tatu la mtoto ni la babu yake, yaani baba mkwe wangu. Na kwenye nyumba ya Kigogo niliyoolewa, mkamwana hatamki jina la baba mkwe. Hata matone ya mvua, kwa kuwa yanafanana na jina lake, mimi nayaita "vile vya juu".

Kwa hiyo kila zahanati niliyokwenda, wakiniuliza jina la tatu, nilitaja lolote lililokuwa karibu. Nilijiambia, jina si dawa, litamfanya nini mtoto?

Akili yangu hiyo. Nilikuwa naiamini kabisa.

Na baba mkwe mwenyewe alikuwepo. Ndiye aliyetuleta, maana mume wangu Ernest yuko Kolo kwenye kibarua na simu haipatikani. Mzee alikaa benchi la nyuma yangu, hatua mbili tu, kofia kaiweka magotini.

"Dada, dokta anasubiri!"

Nikafumba macho. Miaka minne ya ndoa sijawahi.

"Violeth Ernest Matonya!"

Nilikusudia kunong'ona. Ikatoka kama mpiga debe wa stendi.

"Naam!" mzee akaitika nyuma yangu.

Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Kuluthumu akabonyeza. Akabonyeza tena. "Hakuna."

"Hakuna?"

"Hakuna Matonya hapa. Uliandikisha majina gani, mama?"

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa upuuzi wangu. Nimevunja mwiko kwa jina ambalo sikuwahi kuliandikisha popote. Majina yaliyohitajika ni yale ya uongo.

"Jaribu... Mudrick."

"Mudrick ni nani?"

"Alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Nzuguni."

Faili likafunguka. Chanjo tu.

"Mwingine?"

"Mbwana."

"Na huyu?"

"Alikuwa ameandikwa kwenye kiti. Mali ya Mbwana."

Nyuma yangu mzee akakohoa. Fikiria mwenyewe: mke wa mtoto wake anataja wanaume, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ana faili.

La Mbwana nalo lilikuwa na minyoo tu.

"Dada, harakisha. Ile ya Chamwino!"

"Seth," nikasema. "Ni daktari wa kule. Nilisoma kwenye beji yake."

"Kwa hiyo umempa daktari mjukuu bila yeye kujua!"

Alikuwa anacheka. Kisha faili likafunguka, kicheko kikakatika. Maandishi mekundu. Kuluthumu akakimbilia kwa dokta.

Nikamsikia dokta kupitia mlango: "Weka chini hiyo. Lete dawa nyingine."

Dawa ilikuwa imeshavutwa kwenye bomba la sindano.

Nikakaa sakafuni palepale.

Saa tisa alasiri Violeth aliomba chai, tena akanuna kwa kuwa haina sukari ya kutosha. Nililia kama ndiyo nimempata leo.

Kuluthumu akatuita ayaunganishe mafaili yawe moja. "Sasa nipe jina la babu lililo kwenye kitambulisho chake."

Nikarudi kwenye vidole vyangu.

Mzee akanyanyuka, akatoa kitambulisho cha taifa, akakiweka mezani.

"Meshack," Kuluthumu akasoma.

Nikageuka. Kwa mara ya kwanza nilimtazama baba mkwe usoni.

"Matonya ni la nyumbani," akasema taratibu. "Kanisani na serikalini mimi ni Meshack. Mumeo kaandikwa hivyohivyo. Hilo halina mwiko, mwanangu, hata watoto wa jirani wanalitaja. Mbona hukuuliza?"

Mbona sikuuliza? Kwa sababu kuuliza kunataka mtu afungue mdomo.

Jina la uongo la faili la nne sijalikumbuka mpaka leo. Kuna Violeth mmoja bado anazurura kwenye kompyuta, sijui babu yake ni nani.

Wewe mama unayesoma hapa, kama mtoto wako ana babu mpya kila zahanati, usicheke sana. Nenda kaseme ukweli kesho asubuhi. Hizo kompyuta zinasomana, lakini zinasomana yale tuliyoziambia sisi.

Mimi watu husema nina adabu sana. Ni kweli. Nusura nimuue mwanangu kwa adabu.