Mche Uliobaki

Soko huria lilipoingia, baba alipunguzwa kazi ya misitu, akafungua kitalu chake nyuma ya nyumba yetu, Olmotonyi. Alipofariki alituachia miche ya migrevilea, sisi watoto wake sita. Mama akasema tugawane sawasawa, kila mtu akapande yake, yaishe. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sekondari, nikapewa kalkuleta ya Dubai nihesabu.

Miche elfu mbili mia tano ishirini na moja. Nikagawa kwa sita, ukabaki mmoja. Nikahesabu upya jasho likinitoka, ukabaki uleule.

"Haiwezekani," mama akasema. Baba alikuwa mtu wa mpangilio, hakuwahi kuacha mche nje ya tuta. "Huyu mzee kuna mtoto mwingine kamwekea." Niliogopa.

Haikupita wiki, akatokea binti kutoka Kisongo, khanga kichwani, akapiga goti mlangoni.

"Shikamoo mama. Mimi ni mtoto wa marehemu."

Cheti hana, picha hana. Baba mdogo akataka kumtoa mbio. Mama akamzuia: "Mwache. Mche wake tumeshauona."

Lakini mtoto hapewi mche mmoja kama mpita njia. Mama akaamuru nigawe upya, kwa saba. Nikagawa. Ukabaki mmoja!

"Jamani!" mama akasema. "Ina maana kuna na mwingine?"

Tangu siku hiyo mbwa akibweka tu, mama anasimama kuangalia njiani. Mimi nilichanganyikiwa kabisa. Nikajaribu kwa nane, kwa tisa, kwa kumi, kila mara mmoja. Nikasema mashine hii imerogwa, au baba anatucheka huko aliko. Nikagawa kwa mkono, kwenye karatasi. Wapi! Mmoja.

Shule zilipofunguliwa nikampelekea mwalimu wa hesabu namba hiyo. Akacheka, akaniambia hiyo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Tena ukitoa moja, inayobaki inagawanyika kwa kila namba kuanzia mbili hadi kumi. Ndivyo ilivyo tu, hakuna aliyeipanga.

Nilirudi nyumbani mbio, nikamkuta mama jikoni anachambua maharage. Nikamweleza yote kwa pupa. Akaacha kuchambua.

"Kwa hiyo ule mche haukuwa unasema kitu?"

"Haukusema kitu, mama. Hata kama huyu binti asingekuja, ungebaki tu."

"Basi huenda binti hata si wa baba yako."

"Sijui, mama." Na kweli sikujua. Mpaka leo sijui.

Akachungulia dirishani. Binti wa Kisongo alikuwa kitaluni na ndoo, anamwagilia mafungu yetu sote, lake kaliacha la mwisho.

"Punguza sauti," mama akaninong'oneza. "Dada yako atasikia."