Bi Lakini wa Chuo cha Masista

Kila alfajiri, kabla kengele haijalia, Yuliana alitoka nje peke yake, akakunja pindo la shuka lake na kulifuta gogo ambalo wasichana walilikalia wakati wa uji. Ukungu wa Uluguru ulikuwa umelilalia usiku kucha. Alifuta, akakamua pindo, akafuta tena. Wenzake walipotoka wakipiga miayo walikuta pakavu, wakakaa. Walichokiona ni pindo lake lililolowa tu.

"Leo tena?" Rosa alimcheka. "Msichana mzima bado unakojoa!"

"Ni umande."

"Umande gani huo unaomchagua mtu mmoja?"

Kisha malalamiko yakaanza, kama kila siku.

"Uji una mchanga," alisema Paskalia.

"Lakini ni wa moto," alisema Yuliana.

"Na yale mawe, shingo yangu imeingia mabegani."

"Lakini kanisa likiisha, mawe nayo yataisha."

"Msikieni Bi Lakini! Siku akichapwa kiboko atasema lakini fimbo imenyooka."

Wakacheka, na Yuliana akacheka nao. Hakuwa kipofu. Chuo kile cha masista wa Kijerumani, juu kabisa mlimani, kilifundisha kusoma kidogo asubuhi, na mchana kutwa wasichana walipanda kutoka mtoni na mawe ya kanisa kichwani. Waliimba Kijerumani wasichokielewa. Mchanga kwenye uji hata yeye aliutafuna.

Lakini mwaka ule reli ilikuwa imefika Morogoro. Watu wa reli walinunua ndizi na mboga zote zilizoshuka mlimani, na wajomba wakaanza kukumbuka kwamba wana mabinti chuoni wenye vichwa vya kubebea. Msichana akilalamika kidogo tu nyumbani, hakurudi. Ndipo Sista Mkuu alipowakusanya akasema kwamba wakizidi kupungua, chuo kitafungwa. Wenye kwao watarudi kwao. Wasio na kwao watapelekwa pwani, wakatumike kwenye nyumba za Wazungu.

Wasio na kwao alikuwa mmoja. Mama yake Yuliana aliletwa na msafara kutoka bara akiwa mtoto, hata jina la kabila lake hakulijua, na alifia hapo hapo misheni. Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na shamba hutoka huko huko. Yuliana alizaliwa milimani, alisema Kiluguru kama wenzake wote, na hakuwa na mahali pa kuchimba hata shimo la mgomba.

Basi akawashikilia wenzake kwa kila alichokuwa nacho. Alimshonea Rosa mapindo. Alimpa Paskalia karanga zake, na penye mteremko mkali alimpokea jiwe akaliweka juu ya lake. Rosa aliondoka hata hivyo, kisha wawili wengine wakamfuata. Akabaki kumng'ang'ania Paskalia, maana wadogo waliobaki walimtazama yeye. Paskalia akiondoka, hakuna ambaye angebaki.

Jiwe lilimponda Paskalia kidole cha mguu. Akawapa ujumbe wauza ndizi, na haikupita wiki mjomba wake, Mzee Maneno, akawa amesimama uani na fimbo yake.

"Shikamoo mjomba," Yuliana alipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumchukua mwenzako."

"Lakini mjomba, yeye ndiye anayesoma vizuri kuliko sote. Mwakani atakuwa mwalimu."

"Kitabu kitambebea ndizi hadi Morogoro?"

"Kidole kitapona, mjomba. Mawe yake nitabeba mimi."

Mzee akamtazama vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Akamuuliza kama anavyoulizwa kila mtoto wa milimani: "Hivi wewe ni wa ukoo gani, mama?"

Paskalia alikuwa amesimama kando yao.

"Huyu ni wa masista, mjomba," Paskalia akajibu haraka haraka.

Mzee Maneno akatikisa kichwa, akaangalia pembeni. Hakuuliza tena. Alisema atalala kwa katekista, na kukipambazuka wataondoka.

Kulipopambazuka, Paskalia alitoka na mkeka wake kichwani, akichechemea. Uani palikuwa na ukungu mtupu. Akasikia kitu kikisuguliwa, akasogea, akamkuta Yuliana amepiga magoti mbele ya gogo, pindo limelowa hadi magotini, anafuta mahali walipokuwa wakikaa wote: pa Rosa, pa wale wawili, pa Paskalia.

"Kumbe ndio umande wako?"

Yuliana hakugeuka. Alikamua pindo, akaendelea.

"Nani atakaa hapo sasa, shoga? Watoto watasombwa wiki hii hii. Kila mtu anajua."

Ng'ambo ya ua mjomba alikohoa, ishara ya kuondoka. Paskalia hakusogea. Miaka yote ile alikuwa mtu wa kusema, si wa kuuliza. Kila alichotaka kujua juu ya Yuliana aliona anakijua tayari.

"Yuliana. Hiki chuo, kweli ulikuwa unakipenda?"

Yuliana akaliachia pindo, likamgandama miguuni.

"Sina kwingine," alisema.