Goti la Kushoto la Fiona

Kwamboka hakuwa mtu wa michezo. Huko Nyamira alikokulia, mlima ulikuwa wa kupanda na kikapu cha majani ya chai mgongoni, na kuteleza kulikuwa ajali, si mashindano. Kwa hiyo alipowaambia wenzake wa kanisa, hapo Houston, kwamba anakwenda Colorado kutazama wasichana wakishuka mlima wa theluji kwa skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, walidhani anatania.

"Mama Lenny, umekosa harusi ya kuhudhuria?" mmoja alimuuliza.

Alicheka tu. Sababu yenyewe hakuwahi kumwambia mtu.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya kuwarudishia watu nguvu za viungo, mwendo wa mabasi mawili kutoka nyumba yake ya Gulfton. Aliwaamsha wagonjwa, akawaogesha, akawatembeza kwenye korido huku ameshika mkanda mpana aliowafunga kiunoni. Sheria ya mkanda ilikuwa moja: usiuachie. Miaka miwili iliyopita aliletewa Fiona, binti wa hapo hapo Houston, mshindani wa skii, mguu wa kushoto umevunjika mara mbili na goti limeshonwa.

"Niachie kidogo," Fiona alimwomba asubuhi moja. "Hatua mbili tu."

Kwamboka aliyatazama macho yale, akaingiwa na huruma, akaachia. Hatua ya kwanza ilikwenda. Ya pili goti lilikunjika, na Fiona akaanguka kama gunia.

Msimamizi alikuwa na kila haki ya kumfukuza. Ni Fiona aliyejisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi ofisini, barafu imefungwa gotini, akasema, "Mimi ndiye niliyemlazimisha. Mkimtoa yeye, na mimi natoka." Kwamboka akapewa onyo, akabaki kazini, na wanawe hawakujua lolote. Lakini uvimbe wa goti lile ulichukua wiki tatu kupungua, na tangu siku hiyo swali moja lilimkaa moyoni kama mwiba: je, aliuharibu ule mguu? Madaktari walisema umepona. Yeye alitaka kuuona ukifanya kazi yake.

Ndipo Fiona alipomtumia ujumbe: amepata nafasi katika mbio za Kombe la Dunia, Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani, na tiketi mbili ziko tayari.

Kwamboka alipanda basi hadi Arlington kwa Gakii, muuguzi, rafiki yake tangu siku zao za kwanza Marekani. Walikula bata mzinga na chapati, na Ijumaa wakakaa garini kutwa nzima, Gakii akiendesha na kulalamika kuanzia Amarillo mpaka milimani.

Asubuhi ya mbio walivaa kila kitu walichokuwa nacho. Kwamboka alitia na mifuko ya plastiki ndani ya viatu, kama wachuma chai wakati wa mvua.

"Ukitembea unalia kama pakiti ya krispi," Gakii alimwambia.

Mlima ulisimama mbele yao mweupe kabisa, umepandwa vigingi vyekundu na vya bluu, na msichana mmoja mmoja alishuka akipinda kati yavyo kwa kasi ya gari la barabara kuu. Watu walipiga kengele za ng'ombe. Wote kule juu walivaa helmeti na miwani, hata sura hazikuonekana, kwa hiyo Kwamboka hakutaka kubahatisha: kila aliyetokea alimpigia vigelegele.

"Huyo ni wa Austria, dada," Gakii alisema, akisoma ubao. "Umemwombea Mwaustria mzima mzima."

"Na abarikiwe."

"Huyu wako ni namba ngapi?"

"Hamsini na saba."

"Hamsini na saba! Ni wa kufunga ibada?"

Kwamboka alikuwa ameamini kwamba wazuri huwekwa mwisho, kama kwaya kwenye tamasha. Kumbe hapa wazuri walitangulia. Baada ya namba thelathini watu walianza kuondoka kutafuta supu. Kufikia hamsini, jukwaa lilikuwa karibu tupu, na njia ya theluji imechimbwa mitaro na wote waliotangulia.

"Mama Lenny, mimi nime-freeze. Tutamwona kwa simu."

"Nenda garini. Mimi nipo."

Gakii alimtazama, akavuta kofia masikioni, akakaa.

Namba hamsini na saba ilitokea. Kwamboka alimjua kwa namna alivyoinamisha bega. Akapita kigingi cha kwanza, cha tano, cha kumi. Kisha, katikati ya mteremko, skii moja ikaingia mtaroni, mguu ukamtoka, nyonga ikagusa theluji. Kwamboka alimkamata Gakii mkono kwa nguvu zote. Sekunde ile Fiona alikuwa kwenye mguu mmoja tu. Kisha akainuka, akapinda, akashuka, akavuka mstari.

Wa arobaini na moja. Thelathini wa kwanza tu ndio wangerudia mbio za pili. Kwamboka alipiga vigelegele mpaka mlinzi akageuka.

Fiona alikuja mbio hadi kwenye uzio na kumkumbatia, helmeti na yote.

"Fiona, nilifikiri... pale juu, huo mguu..." Kwamboka akavua glavu, akaweka kiganja juu ya goti la kushoto, alivyozoea kila asubuhi kupima joto na uvimbe.

"Si huo," Fiona alisema akihema. "Ulioteleza ni wa kulia. Huo wako ndio ulionibeba."

Kwamboka aliuacha mkono palepale. "Asante, Nyasae, Mungu wangu," alisema, akarudia, machozi yakimchoma mashavuni kwa baridi.

"Analia nini?" Fiona alimuuliza Gakii.

"Usimjali. Amemlilia hata yule wa Norway leo."

Kwamboka alijifuta. "Ile siku ofisini," alisema, "sikukushukuru vizuri."

"Uliniletea chapati wiki tatu mfululizo," Fiona akajibu. "Ungenishukuruje zaidi?"

Kocha akamwita. Fiona akabeba skii begani, akaanza kupanda kilima kidogo kuelekea hema la timu, buti nzito zikizama. Kwamboka alihesabu hatua zake, kushoto, kulia, kama kazini. Ya kumi na tisa ilipopita akagundua kwamba hahesabu tena, anatazama tu.

"Na hii yangu miguu iliyokufa ganzi nani ataihesabu?" Gakii akamvuta mkono. "Twende tukatafute chai."