Fidla ya Mardochée

Sisi watu wa Rumonge tunapaka mawese kila kitu. Mtoto mchanga, mpini wa jembe, mlango unaolia, goti linalouma: mawese. Kwa hiyo asimcheke mtu Mama Mardochée mbele yangu. Hata mimi ningefanya vilevile.

Tulikamua mawese pamoja miaka mingi, yeye na mimi ninayeitwa Sikujua, jirani yake. Alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa msichana, akaolewa hapa, mumewe akafa ziwani. Akabaki na mwana mmoja, na mwana huyo hakuwahi kushika chikichi hata kimoja! Padri mzee wa parokia alikuwa akimfundisha fidla, naye alisema vidole vyenye mafuta vinateleza kwenye nyuzi. Basi, kazi akakatazwa.

"Unalea bwana mukubwa," nilimwambia mama yake.

"Mwache, dada. Mimi niko na mikono ya watu wawili."

Lakini akipiga, loo! Muziki wa Wazungu wa zamani, hauna maneno, wala huwezi kuuchezea. Mimi Mwislamu, kanisani siingii, ila nilisimama dirishani na ndoo ya samaki wa ndagala kichwani mpaka nzi wakashiba.

Vita vilipokuja, kulikuwa na siku tulishinda tumejifungia, risasi zikilia milimani. Nyumba yao ilikuwa ya matofali, kwa hiyo nilikimbilia kwao. Siku hizo Mardochée hakuthubutu kuvuta nyuzi kwa upinde wake wa nywele, sauti isije ikasikika nje. Alilaza fidla mapajani, akadonoa nyuzi kwa kidole. Mama yake aliegemea ukuta, macho kayafumba. "Polepole, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Kuna watu wanapita." Nami nilizisahau zile risasi.

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoitwa Bujumbura kupiga kwenye sherehe ya Pasaka. Fidla yake aliiacha, maana huko angepewa nyingine nzuri zaidi. Basi dogo alilopanda lilishambuliwa njiani, kabla ya kufika Kabezi. Wakamrudisha amefunikwa shuka. Mikono yake haikuwa na hata mkwaruzo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mama yake hakutaka matanga yaondolewe. Siku ya kuondoa matanga vitu vya marehemu hugawiwa, na wote tulijua fidla ingekwenda kwa Naomie, binti aliyefundishwa pamoja naye. "Akiichukua, mimi nabaki na nini?" aliniuliza. Mwaka ukapita. Hatukumlazimisha, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kisha siku moja, tukiwa kazini, akasema mwenyewe, "Mwite Naomie. Nataka kuisikia mara moja tu, halafu aende nayo."

Siku ya kuondoa matanga ilipofika, Naomie akafungua sanduku mbele ya watu. Fidla ilikuwa inang'aa. Akakaza nyuzi, akaweka upinde, akavuta.

Kimya. Upinde uliteleza tu. Akavuta tena. Kimya. Akanusa zile nywele za upinde.

"Mama, umepaka nini hapa?"

"Mawese. Kila Jumapili. Zilikuwa zimekauka, ziko na vumbi jeupe. Niliogopa zitakatika."

Naomie alimweleza taratibu, maskini, akijitahidi asilie. Lile vumbi ni utomvu mkavu wa mti, alilipaka Mardochée mwenyewe. Ndilo linaloshika uzi mpaka ulie.

Mama Mardochée alikaa chini. "Yaani mimi ndiye nimemunyamazisha mutoto wangu?"

 Nilimshika bega. Nilimkumbuka yule kijana kwa uchungu zaidi siku ile kuliko siku tuliyomzika.

Naomie akauweka upinde kando. Akaketi mkekani, akalaza fidla mapajani, akaanza kudonoa nyuzi kwa kidole.

Mama aliinua kichwa. Akasogea mpaka ukutani, mahali pake pale pale, akaegemea, akafumba macho. Mlango ulikuwa wazi, jua linawaka, njiani hakuna mtu.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Kuna watu wanapita."

Naomie akapunguza sauti, akaendelea.