Mtunza Bustani Aliyeomba Msimu Mmoja wa Mvua

Saa kumi na mbili asubuhi, kengele ya shule bado haijalia. Mtunza bustani, mwanamume wa miaka hamsini na mbili ambaye walimu humwita Fundi Mitaro, anatembeza mbao tatu zilizoungwa kama herufi A kwenye mteremko nyuma ya madarasa. Katikati kunaning'inia uzi wenye jiwe. Uzi ukitulia kwenye alama, anajua miguu yote miwili ya mbao iko usawa mmoja. Anachomeka kijiti, anasogea mbele.

"Wapita njia wanadhani nimerukwa na akili," anasema. "Waache wadhani."

Kwa miaka mingi mvua ilishuka na udongo wa mteremko huu hadi ndani ya Darasa la Pili. Mwaka jana mkuu wa shule alichoka, akaamua pamwagwe zege kote. Fundi Mitaro aliomba msimu mmoja tu wa mvua, ajaribu kuyazuia maji kwa mitaro. Bustani ikizikwa, na kazi yake imekwisha.

Alianza vibaya. Mtaro wa kwanza, wa kukatiza mteremko ili maji yatulie na kuzama ardhini, aliuchimba kwa kukadiria kwa jicho. Mvua iliponyesha, maji yalikimbilia mwisho mmoja, yakabomoa tuta la udongo uliochimbuliwa na kuingia darasani zaidi kuliko zamani.

"Niliona aibu," anakumbuka.

Dada yake mkubwa, fundi uashi, alikuja kutazama na wala hakumwonea huruma. "Upande huu umeshuka shubiri nzima, mdogo wangu. Ulipimia nini, kofia?" Ndiye aliyemuungia zile mbao.

Leo ipo mitaro mitano. Kwenye matuta ameotesha mibaazi ili mizizi ishike udongo, na chini yake ametandaza majani makavu aliyokuwa akiyachoma. "Nilikuwa nachoma mbolea kwa mikono yangu mwenyewe," anacheka.

Jumanne ilinyesha saa mbili mfululizo. Mkuu wa shule alisimama na mwavuli mlangoni mwa Darasa la Pili, akisubiri. Maji hayakufika.

"Zege nimelifuta," anatuambia. "Sasa namtaka afanye na upande wa mbele."

Fundi Mitaro amekubali, na mwakani atapanda miti ya matunda chini ya mtaro wa mwisho, ambako unyevu unadumu. Lakini furaha yake iko dirishani mwa Darasa la Pili.

"Zamani mvua ikianza tu, watoto miguu yote juu ya benchi. Jumanne niliwachungulia, wanaandika tu. Nataka wanaokuja wamalize shule bila kujua kwamba humu maji yaliwahi kuingia."